Ukienda Kumzuru Kifaru

Kifaru mweusi wa kwanza niliyemwona kwa karibu nilimfukuza mimi mwenyewe, tena nilimfukuza kwa udi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi katika hifadhi ya Ol Pejeta, huko Laikipia, na koti nililolivaa kwa kuihofia baridi lilikuwa ni lile lile nililokwenda nalo arusini Mombasa siku mbili kabla, limefukizwa kama ilivyo ada yetu hata harufu ikapenya katika nyuzi zake. Gari lilikuwa limezimwa. Mnyama alikuwa kichakani, yapata hatua arobaini kutoka tulipo, akikata vijiti vya mgunga kwa ule mdomo wake wa juu uliochongoka mfano wa kidole, na kukatika kwa vijiti tulikusikia waziwazi, kimoja baada ya kimoja, kama mtu avunjaye kuni nyembamba za kuwashia moto. Nami hali nikijipongeza moyoni kwa bahati iliyonijia bila ya jasho, upepo ukageuka. Kifaru akaacha kutafuna. Akainua kichwa, masikio yake yakazunguka, moja mbele na moja nyuma, akapiga pumzi puani mara moja, kisha akaingia vichakani, mnyama wa uzito wa tani nzima, kwa wepesi wa paa, tusimwone tena siku ile. Askari wa hifadhi tuliyekuwa naye, kijana wa huko huko Laikipia, akanigeukia na kuniambia kwa upole: “Mzee wangu, hiyo marashi yako ndiyo imetufukuzia mnyama.” Sikuwa na jawabu.

Tangu siku hiyo, kila anijiaye kutaka shauri la safari ya kwenda kuwaona vifaru, na aghalabu huja akiuliza habari za kamera na hoteli, mimi huanza kwa habari ya pua na masikio. Macho ya kifaru ni dhaifu. Mtu asimamaye kimya bila ya kutikisika, hata akiwa si mbali, yamkini mnyama asimtambue kuwa ni mtu. Walakini uwezo aliopungukiwa machoni ameuzidishiwa katika kusikia na kunusa, hata mlango wa gari ufungwao kwa kishindo, au jozi ya vijana wachekao kwa sauti, humfikia akiwa mbali sana, naye huwa amekwisha kuondoka kabla wao hawajajua kuwa alikuwapo. Kwa hiyo anayetaka kumwona lazima abishe hodi kwa namna aijuayo mwenye nyumba: aje na nguo zilizofuliwa kwa maji na sabuni isiyonukia sana, awache udi, marashi ya waridi na manukato ya chupa nyumbani, na ulimi wake autie kufuli toka langoni. Wengi wasemao kuwa wamekwenda mbugani wasimwone kifaru, kifaru aliwasikia.

Kabla ya habari za njia, yafaa msomaji wa pwani akumbuke kuwa baina yetu na mnyama huyu ipo hesabu ya zamani. Jina lake jingine katika lugha yetu ni pea, ingawa siku hizi ni wachache walitumiao, na kijana ukimtajia kifaru huenda akadhani wasema gari la vita la deraya. Kitabu cha mabaharia cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa yapata karne ya kwanza, kinapohesabu bidhaa zilizopakiwa katika bandari za pwani hii ya Afrika, chataja pembe za kifaru pamoja na pembe za ndovu na magamba ya kasa. Basi biashara hiyo ilikuwapo kabla ya misikiti yetu na kabla ya majumba yetu ya mawe. Pembe zilikwenda Bara Arabu, ambako zilichongwa mipini ya majambia na hanjari, na zilikwenda Mashariki ya mbali, ambako zilisagwa zikawa dawa. Na katika miaka ya 1970, fedha za mafuta zilipowafikia vibarua wa Yemen waliokuwa wakifanya kazi Saudia, jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru, ambalo zamani lilikuwa pambo la masharifu na wakubwa, likawa tamaa ya kila kijana atakaye kuonekana mtu. Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi 20,000. Haikutimia miaka ishirini, wakawa hawafiki 400. Na pembe yenyewe, ambayo kwayo damu nyingi hivyo imemwagika, si mfupa wala si jiwe la thamani. Imeumbwa kwa kitu kile kile cha kucha zetu na nywele zetu.

Leo, kwa kazi kubwa ya walinzi, Kenya imefika karibu vifaru weusi 1,000, na katika Afrika nzima wamepita 6,000, ambapo katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wameshuka chini ya 2,500. Kwa hiyo usiende kwa moyo wa mtu aendaye kutazama mabaki. Waliopo wanazaa.

Mahali pa kwenda ni pengi, na kila mahali pana tabia yake. Mtu wa Mombasa asiyetaka safari ndefu anayo Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, hifadhi ndogo ya uzio iliyoanzishwa katika miaka ya 1980 kwa vifaru wachache mno. Huko ni msitu wa vichaka, na subira yako itatahiniwa. Wa Nairobi ana mbuga iliyo mlangoni pake, iliyofunguliwa mwaka 1946, ambako kifaru hula na nyuma yake majengo ya jiji yanaonekana. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, Ngorongoro haina mfano kwa uzuri, kwani chini ya kuta zenye kimo cha mita 600 hivi kuna uwanda wa kilomita za mraba 260, na katika uwanda huo kifaru mweusi hutembea peupe. Ila magari hayaruhusiwi kuacha njia, basi aghalabu utamwona kwa mbali, na asiye na darubini ataonyeshwa kitone cheusi aambiwe ndicho. Mkomazi nako, baina ya Same na mpaka wa Kenya, vifaru wamerudishwa kutoka ng'ambo. Na huko Uganda, ambako walikuwa wametoweka kabisa katika miaka ya 1980, ipo hifadhi iitwayo Ziwa, kando ya njia ya Gulu, ambako vifaru weupe huzuriwa kwa miguu nyuma ya askari. Kutembea kwa miguu namna hiyo sikushauri kwa mwenye watoto wadogo au mwenye magoti kama yangu; aliye kijana na aende, maana ardhi ikanyagwayo hufunza zaidi ya ardhi ipitwayo kwa gari.

Mimi nitasema zaidi habari za Ol Pejeta, kwa sababu ndiyo niijuayo, na kwa sababu kuna wawili huko ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Ol Pejeta iko karibu na mji wa Nanyuki, kama kilomita 200 kaskazini ya Nairobi, baina ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Zamani ilikuwa shamba la ng'ombe, na mwaka 1988 sehemu yake ikatengwa kwa ajili ya vifaru weusi. Leo ni eneo la ekari 90,000, lenye vifaru weusi zaidi ya mia, na ng'ombe wa Boran bado wanachungwa humo, wanalala bomani usiku huku simba wakizunguka nje. Matatu za Nairobi hufika Nanyuki kutwa, na hapo mjini gari la kukodi hupatikana. Ukikaribia mji utaona bango la Ikweta, na vijana wenye faneli na ndoo watakaokuonyesha jinsi maji yazungukavyo kulia upande huu na kushoto upande ule. Ni kiinimacho, lakini ni kiinimacho kizuri, na shilingi utakazowapa hazitakufilisi.

Wakati wa kwenda ni Januari na Februari, ama Juni hadi Septemba. Katika masika, udongo mweusi wa Laikipia hugeuka ukawa kama ugali usioiva, na gari likinasa humo halitoki kwa maombi. Tena nyasi hurefuka na majani ya vichaka hunawiri, ukawa wampita kifaru kwa hatua kumi usimjue. Siku za kiangazi nyasi ni fupi, madimbwi ni machache, na mnyama hana budi kuyafuata maji. Lala Nanyuki ukitaka nafuu ya bei, au lala ndani ya hifadhi ukiwa na wasaa. Lakini palipo na hiari, lala ndani, kwani saa mbili za kwanza za mchana na mbili za mwisho ndizo saa za kifaru. Adhuhuri hulala kivulini au kwenye tope, na mgeni aingiaye langoni saa nne za asubuhi, akala chakula chake saa saba, akatoka saa tisa, amelipa ada yote kwa kutazama punda milia.

Nguo: nchi ile imeinuka karibu mita 1,900 juu ya bahari, na mtu wa Lamu au Tanga aendaye na shati moja la nusu mikono ataikumbuka safari yake kwa mafua. Chukua sweta nzito, kofia na soksi. Rangi ziwe za udongo na za majani makavu. Nyeupe ing'aayo, iliyo pambo letu, iache kwa sala ya Ijumaa.

Fedha: raia hutozwa ada iliyo chini mno ya ile ya mgeni wa nje, lakini ni kwa kuonyesha kitambulisho, wala si kwa kusema Kiswahili fasaha langoni; nimemwona mtu akibishana robo saa na karani kwa sababu kitambulisho alikiacha hotelini, na karani hakuwa na kosa. Malango mengi ya hifadhi za Kenya siku hizi hayapokei noti, hulipwa kwa simu au kwa kadi, basi hakikisha mapema kuwa simu ina chaji na ina salio. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020, na mifuko ya plastiki ilikatazwa nchi nzima tangu 2017. Chukua chupa ya kudumu, chakula kitie katika kikapu au bakuli lenye mfuniko, na maganda ya machungwa rudi nayo.

Sasa tuseme tumo ndani. Jambo la kwanza la kulijua ni kwamba humu wapo vifaru wa namna mbili, mweusi na mweupe, na majina hayo yanapotosha, kwani wote ni wa rangi ya kijivu, au tuseme wa rangi ya tope waliloligaagaa asubuhi ile. Tafauti iko mdomoni. Mweusi, ambaye ni mwenyeji wa nchi hii, ana mdomo wa juu uliochongoka, wa kuvutia matawi, naye hula vichaka na hutembea ameinua kichwa. Mweupe ana mdomo mpana ulionyooka kama ukingo wa sepetu, hula nyasi, na kichwa chake hukaribia kuburura chini. Ni mkubwa zaidi, hata dume lake hupita tani mbili. Mweupe ni mpole kwa kadiri, hukaa kwa makundi na hupenda uwanda. Mweusi ni mpweke, mshuku, mwepesi wa hasira. Na watazamaji wazoefu watakuambia, nami nimeliona, kuwa mtoto wa mweupe hutangulia mbele ya mamaye, na mtoto wa mweusi hufuata nyuma, kwa kuwa mama apitaye vichakani ndiye afunguaye njia.

Wala usisubiri kumwona mnyama ndipo ujue kuwa yupo. Mwombe kiongozi wako akuonyeshe jaa la kifaru, maana wana ada ya kurudia mahali pamoja kwa haja zao, na kila apitaye huongeza na kupata habari za waliotangulia, kama sisi tusomavyo matangazo ya tanzia katika ubao wa msikiti. Askari yule wa Laikipia alishuka mahali panaporuhusiwa, akaokota donge kavu, akalivunja mikononi mwake bila ya kinyaa. Ndani mlikuwa na vijiti vifupi, kila kimoja kimekatwa mshazari, safi kama kwa kisu cha mkeka. “Huyu ni mweusi,” akasema, “mweupe ni nyasi tupu.” Kisha akanionyesha kwa kidole mgunga mdogo kando yetu, ule uotao vinundu vyeusi penye miiba, vinundu ambavyo sisimizi wadogo hutoboa na kukaa, na upepo ukivuma hupiga mbinja. Ncha zake zote zilikuwa zimekatwa kwa kimo kimoja na kwa mshazari ule ule. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa kwa saa nzima tulikuwa tukipita ukumbini mwa mtu na mimi nikimtafuta barabarani.

Ukimpata, zima gari. Usimpungie, usimpigie mluzi, usimrushie kitu ili ageuke picha ipendeze. Kaa upande ambao upepo watoka kwake kuja kwako, na dereva mwema hulijua hilo bila ya kuambiwa. Ukiona masikio yamekukabili na mkia umejikunja juu, umekaribia kupita kiasi. Mwambie dereva arudi nyuma taratibu, wala asivumishe injini. Mkumbuke pia ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu ashikaye mgongoni mwake akila kupe. Wazee wetu walimwita askari wa kifaru, na kwa muda mrefu jina hilo lilichukuliwa kuwa ni utani tu, mpaka wataalamu wawili walipofanya majaribio huko Afrika Kusini, wakatangaza mwaka 2020 kuwa kifaru mweusi aliye peke yake alimhisi mtu ajaye kwa mguu akiwa umbali wa mita 27 hivi, na aliye na ndege hao alimhisi kwa mita 61, kwa kuwa ndege akiona mtu hupiga kelele na kifaru akaisikia. Wazee walikwisha kulisema hilo kwa maneno matatu, na bila ya kulipwa nauli.

Neno juu ya madereva. Safari yangu ya kwanza kabisa, ambayo haikuwa ya Ol Pejeta wala sitaitaja mbuga yake, niliifanya kwa gari la kampuni iliyoniahidi kifaru kwa mdomo wake, kana kwamba kifaru ni mishikaki ya kuagizwa. Dereva alikuwa na redio, wenziwe walikuwa na redio, na mmoja aliponong'ona kuwa ameona mama na mtoto, magari manane yalikimbia pale kwa vumbi kubwa na kuwazunguka. Mama alizunguka mara mbili akitafuta mwanya, mtoto amembana ubavuni, kisha wakapenya baina ya magari mawili wakaenda zao mbio. Nilichokiona mimi ni matako ya vifaru wawili na vumbi. Dereva akageuka akitabasamu, akaniuliza kama nimeridhika, nami kwa aibu ya mgeni nikasema nimeridhika. Hilo najuta mpaka leo. Kwa hiyo, unapoafikiana na dereva, mwambie mapema, tena mbele ya wenzako wote, kuwa hutaki kukimbizwa, kwamba ahadi ya kifaru huihitaji, na kwamba bakhshishi yake haitapungua hata msipomwona. Neno hilo la bakhshishi litatuliza mguu wake kuliko nasaha nyingi.

Nimewataja wawili wasiopatikana mahali pengine. Hao ni Najin na bintiye Fatu, vifaru weupe wa kaskazini, na wao wawili ndio jamii nzima iliyosalia. Wenzao walikuwa wakiishi Uganda, Chad, Sudan, Afrika ya Kati na Kongo. Kundi la mwisho porini lilikuwa Garamba, kaskazini-mashariki ya Kongo, nalo lilimalizwa na majangili na vita. Najin alizaliwa mwaka 1989 na Fatu mwaka 2000, wote katika bustani ya wanyama huko Ucheki, na Desemba 2009 waliletwa Ol Pejeta pamoja na madume wawili, Suni na Sudan, kwa matumaini kuwa nyasi za Afrika na jua la Afrika vitawarudishia uzazi. Havikuwarudishia. Suni alikufa mwaka 2014. Na Sudan, babaye Najin, alifariki tarehe 19 Machi 2018, mzee wa miaka 45, ambaye alikamatwa akiwa mtoto katika nchi aliyoitwa kwa jina lake. Majike waliobaki hawawezi kuchukua mimba: mama miguu yake ya nyuma ni dhaifu, na binti ana maradhi ya tumbo la uzazi.

Kuwaona kuna ada yake mbali, na huenda ukafuatana na mlezi mpaka ndani ya uga wao wa ekari 700. Lipa. Nimekwisha kuwasikia wasemao kuwa vifaru ni vifaru, ya nini kulipa tena. Na mtu wa namna hiyo mimi humwacha aende zake kwa sokwe, ambao hifadhi inao pia. Lakini ukienda, nenda kama uendavyo kumjulia hali mgonjwa: usikae sana, usipaze sauti, na usisimame ukahesabu mbele yake misiba yake. Siku nilipokwenda mimi, Fatu alikuwa amekaribia gari akila, na nilichokihifadhi si sura yake bali ni mlio. Mdomo ule mpana hupita juu ya ardhi kama mashine ya kinyozi, na nyasi hukatika kwa mkwaruzo wa kitambaa kinachochanwa, kisha pumzi, kisha mkwaruzo tena. Tope kavu lilikuwa limeshika bavuni mwake na kupasuka vipande vipande. Masikio yana nywele pembeni. Mlezi alimwita kwa jina, kwa sauti ya mtu amwitaye dada yake jikoni, naye akageuza sikio moja bila ya kuacha kula.

Mlezi ukimwuliza kwa adabu atakueleza habari za mayai, nazo ni habari za kweli. Tangu Agosti 2019 mayai ya Fatu yamekuwa yakitolewa na kupelekwa Italia, kuunganishwa na mbegu za madume waliokwisha kufa, zilizohifadhiwa katika baridi kali, ili viinitete vitakavyopatikana vitiwe katika matumbo ya majike wa vifaru weupe wa kusini. Januari 2024 ikatangazwa kuwa jaribio la kwanza la kupandikiza, lililofanywa kwa kiinitete cha jamii ya kusini, lilishika mimba hapo hapo Ol Pejeta; jike aliyeibeba akafa kwa vijidudu vya udongo baada ya mvua kubwa, na tumboni mwake kikakutwa kijusi cha siku 70. Kwa hiyo njia imejulikana kuwa yapitika. Najin amekwisha kupumzishwa katika kutolewa mayai kwa ajili ya umri wake.

Kabla ya kutoka, omba upelekwe makaburini. Chini ya mti mmoja yapo mawe yaliyoandikwa majina ya vifaru wa hifadhi hiyo, wengi wao waliouawa na majangili, na juu ya mawe mengi imeandikwa namna ya kifo. Sudan naye ana jiwe lake. Usipige picha ya kutabasamu pale.

Na picha ndizo zinibakizazo neno la mwisho. Simu ya leo, msomaji wangu, huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa na saa yake, nawe huna habari. Ukiitangaza jioni ile ile, umemwandikia jangili barua na kumchorea ramani. Zima alama hiyo ya mahali kabla hujapita langoni, na uwazimie watoto wako. Masikio ya vifaru wengi wa huko yamekatwa vipengo vya alama, ambavyo kwavyo askari humjua kila mmoja kwa jina, basi usieneze picha iliyo karibu mno ikaonyesha alama hizo pamoja na kilima kilicho nyuma. Ukirudi nyumbani, hadithia kadiri utakavyo, sifu ukubwa wa pembe, iga mlio wa nyasi. Atakayekuuliza ulimwona wapi, mjibu Laikipia, na jina hilo limtoshe.